Printa Inayogonga Ukuta

Alhamisi. Mvua ya alfajiri ilikuwa imeacha tope mpaka mlangoni, na foleni ya malori ilikuwa haijasonga tangu jana. Niliamka na swali kichwani kabla goti halijaanza kulalamika. Kwa umri wangu hiyo ni asubuhi njema.

Swali lenyewe ni hili: printa inajuaje imefika wapi?

Kama unasoma hapa mara ya kwanza, mimi ni Nabwire, bibi wa watu. Nilizaliwa Namboboto, nikaolewa hapa Malaba, na hapa ndipo watanizika wapende wasipende. Shule sikuenda hata siku moja. Herufi nilizijua kwa migongo ya malori nikiuza chai, moja moja, nikiuliza madereva, na wengine walinidanganya. Hapa kwenye blogu mimi naongea tu, simu inaandika. Binti yangu Amoit, aliye Eldoret, anaweka nukta na kuondoa matusi.

Leo aweke nukta tu. Leo nakiri kosa, na niliyemficha ni yeye.

Printa ni yake. Alikuwa na kibanda cha kuchapisha karatasi za madereva hapa kando ya barabara. Alipopata kazi Eldoret akaniletea mashine nyumbani akasema, "Mama, hii usiiguse." Sasa kitu kikae mezani kwangu mwaka mzima, kina vifuniko na taa na wino wa rangi nne, na mimi nisikiguse? Niliigusa wiki hiyo hiyo. Nikajifunza kutuma picha kutoka kwa simu. Nimechapa watoto wa jirani, nimechapa akina mama wa kanisani wakiwa na sare mpya, nimechapa ng'ombe wangu kutoka kila upande. Niliifumia na kitambaa cha kuifunika, cha manjano chenye kingo za kijani. Nyumba hii hakuna kinachokaa uchi. Viti vina vitambaa, redio ina kitambaa, hata mtungi wa gesi una chake.

Wakati wa kiangazi printa ikaanza kulia. Kila kichwa cha wino kikienda na kurudi, kiii, kiii, kama lango la mtu mvivu.

Mimi kitu kikilia nakipaka mafuta. Nina kopo la mafuta ya kukamulia, yale mazito ya manjano. Hayo yameponya chuchu za ng'ombe, visigino vyangu, bawaba za milango na midomo ya wajukuu. Nikafungua kifuniko, nikaona fito la chuma linalong'aa, ambalo kichwa cha wino kinateleza juu yake. Nikalipaka. Nyuma yake nikaona mkanda mwembamba wa plastiki, unapitisha mwanga, umetandazwa kutoka ukuta mmoja wa mashine mpaka mwingine. Sikujua kazi yake. Nikaupaka na wenyewe usione wivu.

Kelele ikaisha. Nilijisifu siku nzima.

Halafu ikaanza kugonga.

Unabonyeza, kichwa cha wino kinatoka mbio, kinapita mahali pa kusimama, kinajibamiza ukutani: kwaa! Kinarudi, kinajibamiza upande wa pili: kwaa! Halafu taa ya rangi ya machungwa inapepesa, na mashine inakaa kimya kama mtu aliyenuna. Ukizima na kuwasha, itakuchapia nusu ukurasa vizuri, kisha nusu iliyobaki itahamia kando. Mtoto wa jirani alitoka na sikio begani. Mama yake alicheka, lakini karatasi hakuichukua.

Nimepigana nayo wiki tatu. Nilidhani kuna kitu kimekwama ndani. Nikaigeuza juu chini, zikaanguka harage moja na pini ya nywele, nikashangilia, nikawasha: kwaa! Nikadhani ni karatasi zimekunywa unyevu, nikazianika juani, nikawasha: kwaa! Nikadhani ni wino. Nikaitisha ule usafishaji wake, ikanguruma na kumeza wino wangu bure, kisha ikagonga kama kawaida. Fundi wa simu hapa stendi aliinama akaitazama kidogo tu, akasema imezeeka, nitafute nyingine. Nikamwambia mimi pia nimezeeka, na hakuna aliyenitafutia mwingine.

Na kila nilipomaliza kuitengeneza niliongeza mafuta kidogo. Niliona ni kama mgonjwa, hawezi kutoka kwangu bila kupakwa.

Amoit akinipigia simu alisikia ile kwaa! nyuma yangu, akaniuliza mara mbili. "Mama, umeweka kitu humo ndani?"

"Sijaweka kitu."

Nilisema hivyo bila kupepesa. Kinywa hiki hiki kinachoimba kanisani.

Ningeiacha ijigonge mpaka ichoke, lakini kuna Taaka.

Taaka ni mdogo wangu, anaishi kwetu Namboboto. Mama yetu alikufa Taaka hajaota meno, mimi nikiwa wa miaka sita au saba, hakuna aliyeandika. Mimi namkumbuka mama. Taaka hamkumbuki hata kidogo. Nyumbani hakukuwa na picha yake yoyote. Kwa hiyo mama wa Taaka ametoka kinywani mwangu. Tangu akiwa mtoto alikuwa ananiuliza usiku tukilala, mama alikuwaje? Namwambia alikuwa na sauti nzito. Namwambia alisimama na mguu mmoja juu ya mwingine. Namwambia alikuwa mrefu sana, akiingia nyumbani anainama.

Juzi juzi binamu yetu alifungua sanduku la mama mmoja wa kanisa aliyefariki, akapata picha ya zamani ya wanawake wamejipanga mbele ya kanisa. Akaipiga kwa simu akanitumia. Nilimjua mama kabla sijavaa miwani. Yuko mwisho wa mstari upande wa kulia, mguu mmoja juu ya mwingine, vile vile Amoit anavyosimama akiosha vyombo.

Nikakaa chini. Kisha nikaona kitu kingine, nikafunga simu.

Mama ndiye mfupi kuliko wote. Amewafikia wenzake mabegani.

Nilijiuliza, sasa nilimtoa wapi yule mwanamke mrefu niliyemsimulia mtoto wa watu miaka yote hii?

Ningeweza kunyamaza. Ningesema picha imepotea. Lakini macho ya Taaka yanakwisha. Ni presha ya macho. La kushoto limeshazima, na la kulia daktari amemwambia dawa itazuia tu, haitarudisha kilichokwenda. Kwenye simu haoni chochote, ule mwangaza unamchoma na anaona ukungu mweupe. Karatasi anaona bado, akiishika juani na kuisogeza sogeza. Nilipompa habari ya picha aliniuliza mara tatu kama ni kweli. Kisha akasema, "Nabwire, nichapie. Nataka kumwona na hili moja kabla halijaniaga."

Leo alikuwa na kliniki Busia. Akitoka huko anakuja kwangu moja kwa moja.

Utaniambia niende kwa maduka. Nilienda. Mashine zao zimezoea karatasi za forodha, na picha yenyewe ni ya kale, nyeusi na nyeupe. Uso wa mama ulitoka doa, kama chini ya sufuria. Printa ya Amoit ndiyo inayojua picha, nimeiona kwa macho yangu. Na ndiyo niliyoiharibu.

Basi leo asubuhi nikaifunua kitambaa, nikaiwasha. Kwaa!

Nyuma nina vyumba viwili vya kulaza madereva. Kimoja alikuwamo Ssalongo, Mganda mmoja anayeendesha lori la simenti. Kwao ndivyo wanavyomwita baba wa mapacha. Alikuwa ukumbini anakula karanga zangu.

"Jajja," akaniita, maana bibi kwao ni jajja, "unajenga nini humo ndani?"

"Nachapa picha."

"Picha au matofali?"

Akaingia na kikombe chake. Akainama juu ya mashine kama wanavyoinama kwa injini. Akaingiza kidole, akakitoa, akakinusa.

"Jajja. Hii ni mafuta ya ng'ombe."

"Kwani wewe ni mbwa wa polisi?"

"Umepaka wapi?"

"Kila mahali."

Huyo mtu alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Akasema kwa lori kuna mahali grisi ni dawa, na kuna mahali grisi inaua. "Nani anapaka mafuta breki, Jajja? Utasimama wapi?" Nikamuuliza, sasa breki ya hii iko wapi? Akafungua mdomo kunijibu, na honi zikapiga barabara nzima. Foleni imesonga! Dereva akisikia hivyo hata akiwa bafuni anatoka na sabuni. Ssalongo alikimbia na karanga zangu mfukoni na jibu langu mdomoni, na sasa hivi yuko ng'ambo ya mpaka.

Nikabaki mimi na printa.

Nikaizima, nikachomoa waya. Nikavuta kiti, nikavaa miwani, nikawasha tochi ya simu, nikaiangalia pole pole kama ninavyokagua ng'ombe kabla ya kumnunua. Nikasukuma kichwa cha wino kwa kidole. Kinateleza vizuri. Kwa hiyo miguu haina shida. Nikaangalia nyuma yake, na hapo ndipo nikaona kwamba ule mkanda wa plastiki haupiti kando yake. Unapita ndani yake, katikati ya kijitundu, kama uzi kwenye sindano.

Kwa nini mtu apitishe utepe ndani ya kichwa cha wino, na utepe wenyewe haushikilii kitu?

Nikaumulika kwa karibu. Mwisho wake, pembeni kabisa, ambako mkono wangu haukufika, niliona mistari. Myembamba sana, imesimama bega kwa bega, mingi kuliko nywele. Kule katikati hakukuwa na mistari. Kulikuwa na ukungu wa manjano.

Nikacheka peke yangu, nikaogopa, nikacheka tena.

Inahesabu!

Mimi nikifuma kitambaa sipimi kwa rula. Nahesabu matundu. Ishirini na nne, geuka. Ishirini na nne, geuka. Mtu akinisemesha katikati ninapoteza hesabu, napitiliza, na kitambaa kinapinda. Mashine hii ni hivyo hivyo. Inahesabu mistari ijue imefika wapi, igeukie wapi. Mimi nimeifunika mistari kwa mafuta, inakimbia inahesabu ukungu, mpaka ukuta uiambie kwamba imefika.

Wiki tatu nilikuwa naiponya kwa kuizidishia ugonjwa.

Nikampigia Amoit. Nilimwambia bila salamu.

"Nilipaka mafuta."

"Mafuta gani?"

"Ya ng'ombe."

Nikasikia kishindo, nadhani aliweka simu mezani ili acheke na mikono miwili. Aliporudi alikuwa anapumua kwa shida. "Mama, nilikuuliza mara mbili!"

"Na mara mbili nilikudanganya. Sasa niambie nifanyeje, Taaka yuko njiani."

Alinieleza vizuri, hakunigombeza. Maji ya vuguvugu na tone moja la sabuni. Kitambaa kisichotoa nyuzi, "si vile vyako, Mama, tafadhali." Nishike mkanda kati ya vidole viwili, nifute polepole kutoka mwisho hadi mwisho, nisiuvute, maana upande mmoja umeshikwa na springi. Nikamuuliza kama nitumie ile pombe kali ya Uganda, inakata kila kitu. Akasema itakata na mistari, na mistari ikifutika nimemaliza mchezo. Nikashukuru kwamba kwa mara ya kwanza niliuliza kabla ya kufanya.

Nilitumia kitambaa cha kufutia miwani. Mara ya kwanza kilitoka manjano. Nikakifua, nikarudia. Mara ya nne kikatoka safi, na mistari ikarudi, kutoka ukuta hadi ukuta, yote. Nikafuta maji yaliyobaki, nikauacha ukauke. Sikuufunika.

Mkanda ulipokauka, Taaka akabisha hodi.

Aliingia akipapasa fremu ya mlango, gauni limejaa matone ya tope, kwa mkono mwingine ameshika mfuko wa dawa. Taaka ni kafupi, nilisema? Sisi wengine tulitoka warefu kwa baba. Utotoni tulimtania kwamba yeye aliokotwa mtoni Sio, kwamba mama alienda kuteka maji akarudi naye ndani ya mtungi. Mimi ndiye nilianzisha. Wakati mwingine hata tukiwa watu wazima, kwenye arusi, nilimtambulisha kwa watu hivyo hivyo, "huyu ni yule wetu wa mtungi," na yeye akacheka pamoja nao.

Nikamkalisha karibu na printa. Hakutaka chai. Alisema, "Chai baadaye. Washa."

Nilikuwa nimeikata picha kwenye simu nikabakisha wanawake watatu, mama na wawili walio karibu naye, ili nyuso ziwe kubwa. Nikabonyeza.

Kichwa cha wino kikatoka. Nikafumba macho kusubiri ukuta.

Hakikugonga. Kilifika mahali pake, kikageuka. Kikafika, kikageuka. Shii, shii, kimya kabisa, kama mtu anafagia nyumba ya mwenzake aliyelala.

Karatasi ikaanza kushuka. Taaka aliinama mpaka pua ikakaribia kuigusa. Kwanza bati la kanisa. Kisha nywele za yule wa kushoto, paji lake, macho yake. Kisha wa katikati, kilemba, macho.

"Yupi?" Taaka akauliza.

"Bado."

"Bado vipi? Hao wawili wameshatoka mpaka shingo."

"Ngoja, Taaka."

Upande wa kulia ulikuwa ukuta mtupu. Mstari baada ya mstari, ukuta. Sijawahi kusikia printa ikienda polepole namna hiyo. Wenzake walikuwa wamefika mabegani ndipo kilemba cha mama kikaanza kutokea.

Taaka alikuwa ameshatega viganja. Karatasi ilipoanguka aliichukua ikiwa na unyevu, akatoka nayo nje mpaka pale jua lilipokuwa limekausha tope. Akaishika upande wa jicho lake linaloona. Akaisogeza mbali, akaileta karibu. Nilisimama nyuma yake kama mtu anayesubiri kuitwa mahakamani.

"Huyu mfupi ndiye?"

"Ndiye."

"Nabwire, uliniambia mrefu. Anainama mlangoni."

"Nilikuwa mdogo, Taaka. Nilikuwa namwangalia kutoka chini."

Akageuka akanitazama, au aliitazama sauti yangu, sijui siku hizi anatazama nini. Kisha akaanza kucheka, na machozi yakamtoka na kwa lile jicho lililozima pia. "Miaka sitini na kitu," akasema, "nimekuwa wa mtungi. Ona. Ona mabega. Ona kimo. Huyu ni mimi amevaa kilemba!"

"Ni wewe."

"Basi omba msamaha. Kwa habari ya mtungi. Sasa hivi, na huyu akisikia." Akaniinulia picha usoni.

Nikaomba. Pale nje, majirani wakipita na mitungi ya maji, kwa sauti. Magoti yangu hayapigi tena, lakini mdomo ulipiga.

Baadaye tulikunywa chai. Taaka hakuiweka picha chini, alikuwa anainywa chai kwa mkono mmoja. Kisha akauliza jambo ambalo mimi mwenye macho mawili sikuliona siku zote nilizoitazama kwa simu. Mimi niliangalia kimo tu.

"Mbona haangalii kamera? Wenzake wote wanaangalia mbele."

Nikavaa miwani. Kweli. Mama ameangalia chini, kando, upande ambao picha, hata ile nzima ya kwenye simu, inaishia kwenye kiwiko chake. Na anatabasamu kidogo, kwa kona ya mdomo.

"Kuna mtu hapo," Taaka akasema. "Na ni mfupi kuliko yeye."

Sasa ni jioni, jua bado liko. Taaka amejilaza chumba cha Ssalongo, picha ameifunga ndani ya kile kitambaa cha manjano chenye kingo za kijani. Nimempa. Printa imekaa uchi mezani na haijafa kwa baridi. Kopo la mafuta nimelirudisha kwa ng'ombe.

Swali la asubuhi nimelijibu mwenyewe. Hili la jioni sina wa kumuuliza. Nakumbuka siku ile ya kanisa, au nadhani nakumbuka: jua kali, watu wamejipanga, mtu ananiambia nisogee kando, nisiharibu picha.

Je, alikuwa ananiangalia mimi?